Mjadala: Kiingilio cha kuingia Venice kinaokoa mji au kinauza tiketi?

Aprili 25, 2024, mji wa Venice, Italia, ulianza kuwatoza yuro 5 wageni wa kutwa, yaani wanaofika asubuhi na kuondoka jioni. Mwaka ule siku za kutozwa zilikuwa 29 tu. Mwaka 2025 zikafika 54, na anayechelewa kujisajili akawa analipa yuro 10. Wanaounga mkono wanasema wageni hawa huziba vichochoro, huacha takataka na kwenda zao, basi walau wachangie usafi.

Hoja ya usafi naikubali. Ila tusiambiwe kwamba kiingilio kinapunguza msongamano, maana hakina kikomo. Ukilipa unaingia, hata kama pale daraja la Rialto watu wamebanana hakuna pa kupita. Aliyesafiri kutoka mbali kuja kuuona Uwanja wa San Marco, ule uwanja mkuu wa mji, hatageuza safari kwa yuro 5.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: anayelala mjini hatozwi kiingilio hicho, kwa kuwa tayari analipa kodi ya malazi. Sawa, lakini analala wapi? Wengi hulala katika nyumba zilizokuwa za wakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji mkongwe, ule wa visiwani, ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000, na mwaka uliofuata vitanda vya wageni vikawazidi wenyeji kwa idadi. Sisemi utalii ndio chanzo pekee. Mafuriko makubwa ya Novemba 1966 yaliwahamisha wengi, na kazi nazo zilikuwa zimehamia bara. Lakini leo mwenye nyumba akiona wageni wa siku mbili tatu wanamlipa vizuri kuliko mpangaji wa kudumu, huyo mpangaji ataponea wapi? Familia zikihama, aliyekuwa akiuza mkate anaanza kuuza barakoa za kumbukumbu, na aliyebaki anavuka madaraja matatu kutafuta fundi bomba.

Mji huo huo umeshaonyesha kwamba kuweka kikomo kunawezekana. Tangu Agosti 1, 2021, meli zinazozidi tani 25,000 zimepigwa marufuku kupita mfereji wa Giudecca, njia ya maji inayopita mjini. Mwaka 2024 makundi ya watalii yakawekewa ukomo wa watu 25 na vipaza sauti vya waongozaji vikakatazwa. Barcelona, Hispania, imekwenda mbali zaidi: imetangaza kwamba leseni za nyumba kama 10,000 za watalii hazitahuishwa zitakapokwisha Novemba 2028. Huko ndiko kugusa donda lenyewe.

Najua jibu la upande wa pili: nyumba ni mali ya mtu, aitumie atakavyo. Basi mnaoshikilia hilo nijibuni: mwenyeji wa mwisho akihama Venice, mgeni atakuwa amelipa kiingilio aone mji wa nani?