Bwate otomatike (giaboksi ya kujibadilisha yenyewe) na milima ya Bukavu: tupeane uzoefu, yako ilikufanya nini?

Mwana_Ibanda:
Jambo bandugu. Nafungua hii juu ya wenye gari za otomatike, hizi za Japani zenye volante ku mkono wa kuume, maana zimejaa mu mji na kila mutu iko na hadithi ya bwate. Naanza na yangu.

Asubuhi moja natoka Nguba napanda kwenda Kadutu, pale ku mlima gari ikakuwa nzito kama imebeba saruji. Nakanyaga, motere inanguruma, gari inasogea polepole polepole, watu wa miguu wananipita. Ku tablo taa ya O/D OFF (ile ya kufunga gia ya ine) inawaka inazima, inawaka inazima. Nikafika garaji moja (sitaitaja), fundi hata kapo hajafungua akaniambia bwate imekufa papa, dola 600, tutafute ingine ya okaziyo. Nikasema acha nirudi kwanza nyumbani nilie. Sasa mu kurudi nikajaribu levye (mkono wa gia) mu L, ile nafasi ya chini kabisa, gari ikatoka vizuri kabisa! Nikaweka 2, nzito. Nikaweka D, ya kutembea kawaida, nzito kushinda. Nikajiuliza, bwate yenye kufa inawezaje kuwa nzima mu L?

Kuko kijana jirani anatengeneza mambo ya umeme wa gari, akaja na miltimetre yake, akatoa fishi (plagi) ya pembeni ya bwate akapima elektrovane (vale za umeme) mbili. Akasoma 13 ome na 13 ome, akasema hizi ni nzima, zinapashwa kuwa kati ya 11 na 15. Akafuata nyaya mpaka karibu na batri, tukakuta panya amekula. PANYA. Akasude, akafunga skochi, akafuta kosa mu kalkilatere (kompyuta ya gari), dola 15 na fanta. Mpaka leo natembea.

Lakini nani anieleze sababu ya ile L?

Taximan_Nyawera:
Yako ilikuwa na bahati. Mimi ya kwanza niliiua mwenyewe. Batri ililala, na mimi nimezoea gari za manuele, nikaita batoto tano tusukume kutoka juu, gari inashuka inakimbia vizuri, naweka D, hakuna kitu, naweka 2, hakuna, tumefika chini jasho inatoka na motere iko kimya. Batoto wakataka pesa yao yote. Kumbe pompi ya mafuta ya bwate inazungushwa na motere, si na magurudumu, kwa hiyo motere ikizima hakuna presiyo, na kama hakuna presiyo magurudumu na motere hazishikani, hata uisukume mpaka Uvira.

Kosa la pili njo liliiua. Nikaifunga kamba nyuma ya lori mpaka Bagira, magurudumu ya mbele chini, na hiyo gari inavutwa na ya mbele. Ndani vitu vinazunguka bila mafuta kupita. Tulipoifungua mafuta ilikuwa nyeusi na inanuka kama sufuria ya maharagi yenye kuungua. Sasa nikipata pane nainua magurudumu yenye kuvuta ama naita kamyo ya kubeba, hata kama ni bei.

Mama_Mapacha:
Yangu fupi. Nimeenda kuchukua batoto ku masomo, nimepaki mu P, narudi levye haitoki. Motere inawaka, nakanyaga freni, nakanyaga tena, levye imekazana. Nyuma yangu mahoni, kila papa anakuja kuvuta na nguvu zake, mmoja alitaka kuivunja kabisa. Kijana anauza yuniti akasema mama, taa zako za freni haziwaki. Ilikuwa fizible (fyuzi) ya stopu. Gari inangoja kwanza isikie kama umekanyaga freni ndipo iachilie levye, na ile ishara inatoka palepale ku taa za stopu. Akafungua kakifuniko kadogo pembeni ya levye, akaingiza ufunguo, akafinya, ikatoka. Wanawake wenzangu mutafute hako kakifuniko leo, mbele hamujakahitaji.

Fundi_wa_Panzi:
Mwana_Ibanda, ndugu, L yako ni dalili nzuri sana, na yule wa dola 600 alipashwa kukuuliza. Mu bwate kama yako ya vitesi (gia) ine kuko elektrovane mbili za kubadilisha. Ya kwanza ikipata kuran peke yake, uko ku vitesi ya kwanza. Zote mbili zikipata, ya pili. Ile ya pili peke yake, ya tatu. Zote zikizima, ya ine. Panya akikata nyaya, zote zimezima, basi ukiwa D unaanza mlima na vitesi ya ine, wee! Lakini levye yenyewe inasukuma vale ya mafuta kwa kable, bila umeme: ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka L unapata ya kwanza. Waliipanga vile makusudi juu ufike nyumbani. Kwa hiyo ukisikia L nzima na D nzito, mbele ya kufungua bwate, angalia fishi, nyaya na fizible.

Mu gari za zamani mafuta peke yake njo ilikuwa inaamua. Kulikuwa gavana inazunguka kufuata mwendo wa gari, na kable inatoka ku akselerateri, presiyo mbili zinasukumana, yenye nguvu inashinda. Sasa kuamua ni kazi ya kalkilatere. Inasoma papiyo (mlango wa hewa ya motere) imefunguka kiasi gani, mwendo wa gari, mizunguko ya motere, joto ya mafuta, levye iko wapi, kiisha inatuma kuran ku elektrovane, elektrovane inafungua njia, mafuta inabana madiski ya ambreyaje (klachi). Na ile dakika ya kubadilisha inaomba motere ipunguze nguvu kidogo, kufumba na kufumbua, juu usisikie teke. Sasa mafuta ikipungua, kalkilatere inaamuru na hakuna kitu kinashika, na wewe unakimbilia kununua kalkilatere!

Kupima: motere inazunguka, gari imepata joto, mahali pa sawa (mu Bukavu hapo njo kazi), unapitisha levye kila nafasi unarudisha P, ndipo unachomoa joje (kijiti cha kupimia mafuta) unasoma pa HOT. Na usinunue mafuta kwa kuangalia rangi, soma jina lenye kuandikwa ku joje ama mu kitabu. Mteja mmoja alinyweshea kagari kake ka CVT mafuta nyekundu ya bwate ya kawaida juu ilikuwa bei chini. CVT haina vitesi za kuhesabu, iko na mukanda wa chuma kati ya poli mbili, na huo mukanda unataka mafuta yake. Ulianza kuteleza, ukakwangua poli. Yule sikumusaidia.

Pti_wa_Essence:
Njo maana mimi niko manuele 😂 panya akikula nyaya zangu naendelea tu

Taximan_Nyawera:
Pti, ngoja goti lako lifike miaka 50 mu ambutiyaje ya Feu Rouge, tutaongea.

Viye_wa_Ngomo:
Batoto wangu, mimi napitaga mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola. Ukipanda na muzigo mu D, bwate inaingia ya ine, inashindwa, inarudi ya tatu, inajaribu tena, hivyo hivyo njia yote, na mafuta inachemka, maana konvertisere (inaunganisha motere na bwate kwa mafuta) ikiwa haijajifunga inateleza ndani na kule kuteleza kote ni joto. Finyeni O/D OFF, ibaki ya tatu. Ku kushuka wekeni 2, na pale pabaya L, mupunguze mwendo kwanza. Kalkilatere haioni mlima mbele yako, wewe unauona. Nilimukuta mmoja amesimama ku kona, freni zinatoa moshi, alishuka na D mwanzo mpaka mwisho, na bibi yake amekataa kurudi mu gari.

Mama_Mapacha:
Muzee, asante. Na ile ya kupaki? Nyumbani Muhumba ni mteremko, asubuhi nikitoa P inapiga TOK, mpaka baba batoto anaamka.

Fundi_wa_Panzi:
Mama, mu P kuko jino moja tu la chuma linashika gurudumu la meno, na wewe unalalisha gari nzima juu yake. Ukifika: mguu ku freni, levye N, vuta freni ya mkono, achilia freni ya mguu gari ilale juu ya ile ya mkono, kanyaga tena, ndipo P.

Mama_Mapacha:
Freni ya mkono haijashika tangu Desemba.

Fundi_wa_Panzi:
Leta kesho mama, mbele ya saa ine.