Timu yetu ya Tanzania ya futsali ya wanawake ilianzaje? Binti yangu ananiuliza kila siku

Mama Rehema
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na amecheza mpira na wavulana wa mtaani tangu akiwa darasa la tatu. Tangu aone dada zetu wakicheza fainali ya Afrika kule Rabat, mpira wa nyasi umemtoka moyoni. Anataka futsali tu, ule mpira wa miguu wa sakafuni wa watu watano watano. Ananiuliza: mama, wale walijifunzia wapi? Timu ilianza lini? Sina jibu. Baba yake anasema timu yenyewe imechipuka kama uyoga, na uyoga haukai. Nani anaujua mchezo huu vizuri anieleweshe? Na mtoto wa huku kwetu Chanika aanzie wapi?

Chuma cha Reli
Dada, futsali si ndiyo chandimu yetu? Wachezaji watano watano, magoli madogo. Mwache acheze uwanja wowote, watamwona tu.

Mwalimu wa Zamu
Mama Rehema, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya sekondari, Morogoro, na nimefundisha wasichana futsali miaka minne sasa. Naomba nijibu kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Kwanza kaka Chuma, hapana. Chandimu inampa mtoto ujanja wa miguu, hilo silipingi. Lakini futsali ni mchezo mwingine. Uwanja wake ni mita 40 kwa 20, goli ni mita 3 kwa 2, mpira ni namba 4 na umetengenezwa usidunde. Ukitoka pembeni haurushwi kwa mikono, unapigwa kwa mguu, na una sekunde nne tu. Kipa naye akiwa nusu yake ana sekunde nne. Saa inasimama kila mpira unapotoka, kwa hiyo dakika 20 za kipindi ni 20 kwelikweli, huwezi kulala chini ukala muda. Na timu ikifikisha faulo tano kwenye kipindi, kuanzia ya sita mpinzani anapiga bila ukuta, kutoka mita kumi. Msichana aliyezoea kukaba kwa kusukuma anaiua timu yake kabla ya mapumziko. Nimeyaona hayo kwa wangu.

Sasa swali lako. Kombe la Mataifa ya Afrika la futsali kwa wanawake halikuwapo kabisa kabla ya Aprili 2025. Lile la Rabat ndilo la kwanza katika historia. Zilikwenda timu tisa. Sisi tulikuwa kundi moja na Senegal na Madagaska, tukavuka, tukashinda nusu fainali, tukafika fainali. Jumatano Aprili 30, kesho yake Mei Mosi, tukafungwa 3–2 na Moroko nyumbani kwao. Niliitazama kwa simu, tumejazana walimu sita kwenye sebule ya mwenzetu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Filimbi ya mwisho ilipolia nililia, na sikuona haya. Kufika fainali kulitosha kutupa tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, Ufilipino, Novemba mwaka huohuo.

Wale dada wengi walikuwa wachezaji wa mpira wa nyasi, wa klabu za ligi kuu ya wanawake. Wameingia sakafuni wakiwa watu wazima. Ndiyo maana nakataa lile neno la uyoga, Mama Rehema, mfikishie baba Rehema kwa heshima zote. Mtu aliyekimbia kwenye uwanja wa mita mia moja kwa miaka kumi, halafu ukamfungia kwenye mita 40, anaanza upya: jinsi ya kutuliza mpira, jinsi ya kusimama, hata jinsi ya kupumua, maana anaingia dakika mbili tatu, anatoka, anarudi tena. Wamejifunza yote hayo wakabakiza bao moja kwa Moroko. Lakini Ufilipino tukakutana na Ureno na Japani kundi moja, na New Zealand, na Ureno walitufunga mabao mengi mno. Hapo ndipo pengo lilipoonekana. Wenzetu wameanza na mchezo huu wakiwa na umri wa binti yako.

Siku yangu ya kwanza na wasichana kumi na mmoja sitaisahau. Kila pasi ilikuwa inateleza juu ya saruji hadi kwenye michongoma, na tulikuwa na mpira mmoja tu. Mpira wa futsali sikuwa nao. Nilichukua namba 4 wa kawaida nikaupunguza upepo mpaka ukagoma kudunda. Nikawaambia, acheni kutuliza kwa ubavu wa mguu, kanyageni. Soli juu ya mpira, kichwa juu. Wiki mbili nzima tulifanya hilo tu. Na aliyeshika haraka kuliko wote hakuwa mchezaji mpira. Alikuwa mfungaji wa netiboli! Kule kwenye netiboli huruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, kwa hiyo akili yake ilishaamua pasi kabla mpira haujafika. Sekunde nne kwake zilikuwa nyingi. Tangu siku hiyo naanza kutafuta wachezaji kwenye netiboli.

Kuhusu uwanja, Mama Rehema, hili ndilo muhimu kuliko yote niliyoandika. Usitafute "uwanja wa futsali". Tafuta uwanja wa mpira wa mikono. Vipimo ni vilevile, 40 kwa 20, na goli ni lilelile, 3 kwa 2. Mpira wa mikono uko kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na vikosi vya majeshi vinaucheza sana, kwa hiyo viwanja viko vingi kuliko watu wanavyodhani, ila vingi ni vya udongo. Ukipata wa saruji, fagia mchanga wote. Mchanga juu ya saruji unavunja magoti. Na avae raba za soli bapa, siyo njumu.

Babu Pwani
Mwalimu amemaliza, mimi naongeza la uyoga tu, maana baba Rehema ana hoja yake isipuuzwe.

Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilikuwa Uholanzi, Januari 1989. Afrika ilipeleka Aljeria na Zimbabwe. Zimbabwe wako wapi leo kwenye mchezo huu? Kwa hiyo ndiyo, uyoga upo.

Lakini watazameni Moroko. Wanaume wao walikwenda Kombe la Dunia mara ya kwanza 2012, Thailand. Wakapoteza mechi zote tatu. Wakarudi tena 2016, Kolombia. Zote tatu wakapoteza tena. Mechi sita, vipigo sita! Hawakumfukuza kocha. Hicham Dguig alikuwapo tangu 2010 na akaachwa aendelee. Mwaka 2021 wakatoka sare 3–3 na Ureno, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa dunia mwaka huo, wakafika robo fainali wakafungwa 1–0 na Brazili. Afrika wamechukua 2016, 2020 na 2024. Hao ndio waliotufunga 3–2: nchi yenye kazi ya miaka kumi na tano nyuma yake. Sisi tulikuwa na miezi. Mimi sioni aibu hapo, ila naogopa sana kocha na wachezaji wasije wakabadilishwa wote kwa sababu ya kipigo cha Ureno.

Chuma cha Reli
Mwalimu nimekuelewa, nafuta ya chandimu. Ila swali: kipa wa futsali kwa nini anapanda mbele kama mshambuliaji?

Mwalimu wa Zamu
Kaka, hapo wanatafuta watu watano dhidi ya wanne. Mara nyingi ni mchezaji wa kawaida, siyo kipa, amevalishwa jezi ya kipa, dakika za mwisho wakiwa nyuma. Ukipoteza pasi moja, goli lako liko wazi. Binti wa netiboli niliyemtaja ndiye ninayempa hiyo jezi.

Mama Rehema
Mwalimu, Babu, asanteni sana. Nimemsomea Rehema yote. Pale kwenye netiboli alinyamaza, kisha akasema shuleni kwao anachezaga GA, mshambuliaji wa netiboli, na hakuwahi kuniambia, alidhani nitamwambia achague kimoja. Uwanja wa mpira wa mikono upo shuleni, wa saruji, umeota nyasi kwenye nyufa na goli moja halina mwamba wa juu. Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu. Baba yake amesema atakuja na fundi wa kuchomelea.