Droni au ndege ya mabawa kwa picha za vilimani? Nanunua mwisho wa mwezi

MtazamaBonde: Habari za saa hizi wakuu. Nimejichanga, mwisho wa mwezi nanunua. Nataka kupiga picha za juu sehemu zenye vilima. Nipo njia panda: droni ya propela nne, au ndege ya mabawa ya povu gumu jepesi inayoongozwa kwa rimoti, nifunge kamera puani? Wenye uzoefu nishikeni mkono.

Fundi_Servo: Swali nusu hilo mkuu. Picha mnato au video? Kamera ina gramu ngapi? Utatua wapi? Umewahi kurusha chochote?

TaiWaPovu: Maswali mengi ya nini, achukue ndege ya povu yenye propela nyuma. Propela haiingii kwenye picha, na ikianguka unapaka gundi jioni, asubuhi unarusha. Tena vilimani ndiko kwake: upepo ukigonga mteremko unapanda juu, unazima mota na ndege inaelea bila kula betri. Droni mota zikizimika ni jiwe.

Kipanga77: Kuelea sawa, picha je? Ndege ya mabawa haisimami. Ukiutaka mwamba fulani wenye mwanga fulani, utazunguka mara kumi ukibahatisha. Droni unaisimamisha, unapanga picha, unapiga, umemaliza.

MtazamaBonde: Samahani, nilisahau. Picha mnato zaidi. Kamera ni ndogo tu, sijaipima. Pa kutua ni mteremko, majani marefu na mawe mawe.

Fundi_Servo: "Ndogo tu" si uzito. Gramu 150 puani zinaharibu mizani ya ndege nzima, itabidi urudishe betri nyuma mpaka uishike kwa vidole viwili chini ya mabawa ikae sawa. Kamera ikalie sponji. Propela nayo uisawazishe, upande mwepesi ubandike kipande cha utepe, la sivyo picha zitatoka zimejikunja kama zimepigwa chini ya maji. Kasi ya shata (kile kifuniko kinachofunguka na kufunga kupiga picha) usishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Na mteremkoni unatua ukielekea juu ya kilima, usijaribu kutua ukishuka nacho.

MzeeWaRimoti: Kabla hujanunua droni sikia yangu. Nilirusha kutoka bondeni, kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile inachoruka ikirudi yenyewe mawasiliano yakikatika, nikakiweka mita 40. Nikaipitisha juu ya kilima, nikaishusha upande wa pili nipige picha ya mto. Mawimbi ya rimoti, yale ya 2.4 GHz, hayapenyi kilima, kioo cha rimoti kikaganda. Sikuwa na wasiwasi, si itarudi yenyewe? Nikakaa juu ya jiwe nikamenya chungwa. Chungwa likaisha. Kumbe zile mita 40 zinahesabiwa kuanzia pale ulipoirushia, siyo ardhi iliyo chini yake, na kilima kilikuwa kama mita 60. Ilipanda hadi 40 kwa utiifu wote, ikanyoosha moja kwa moja ubavuni mwa kilima. Nimeitafuta siku mbili. Mkono mmoja wa droni umekatika, kadi ya picha ni nzima. Video ya mwisho: majani yanakuja mbio, giza kidogo, halafu sisimizi wanapita kwenye lenzi dakika kumi na moja mpaka betri ilipokata.

Kipanga77: Pole mzee, ila hilo kosa ni la rubani, siyo la droni.

MzeeWaRimoti: Sijakataa. Lakini nani alisoma kitabu cha maelekezo hapa?

TaiWaPovu: 😂 Ndiyo maana nasema povu.

Kipanga77: Povu lako lipeleke demani mwa kilima uone. Huko hewa inaporomoka na kujizungusha, itaikandamiza chini mota ikiwa imewaka. Rusha ukiwa goshini, upepo unakotokea.

Chekecha: Demani si majira?

Kipanga77: Ni majira, na ni upande wa chombo usiokabili upepo. Waulize mabaharia.

Chekecha: Mimi nilikuwa najua joshini, siyo goshini.

MzeeWaRimoti: Zote zinasikika. Turudi kwenye ndege.

Chekecha: Kilima kimekuwa jahazi lini lakini?

Kishada_Tu: Mnajitesa. Mwaka 1888 Arthur Batut, Mfaransa, alifunga kamera kwenye kishada, utambi ukaungua polepole mpaka ukafyatua shata. Hakuna betri, hakuna mawimbi ya kukatika.

TaiWaPovu: Na siku isiyo na upepo?

Kishada_Tu: Unakunywa chai.

Fundi_Servo: Kishada pia kina kikomo cha kimo, angalieni sheria. Kwa droni nchi nyingi zimeweka mita 120 kutoka ardhini, kwa hiyo ukivuka ukingo wa kilima kuelekea bondeni unaweza kuzidisha bila kupanda hata mita moja. MtazamaBonde umepotelea wapi?

MtazamaBonde: Nipo nasoma. Nimeipima kwenye mizani ya jikoni, gramu 118. Nilikuwa nimeshaegemea droni, sasa habari ya sisimizi imenirudisha nyuma, na hicho kishada nacho kimenikaa kichwani.

Fundi_Servo: 118 na betri yake ndani, au bila?

MtazamaBonde: Ngoja nikaangalie.