Majirani wa avenyu: bomba la jiko la Mama Furaha

*Mama Furaha:* Majirani, jambo. Lile jiko la kuni la chuma limefika. Fundi anataka kutoboa ukuta kesho asubuhi, apitishe bomba la moshi. Iko sawa?

*Papa Heri:* Mama, asitoboe kwanza, nakuomba! Hapa Goma tunaishi ndani ya mbao. Bomba la bati la tabaka moja tu linataka sentimeta 45 mpaka kwenye ubao wowote.

*Mama Furaha:* 45?! Fundi anasema atabandika tole, yaani bati, juu ya ubao, yatosha.

*Papa Heri:* Haitoshi. Tole inapokea joto na kulipitisha. Kwangu walifanya hivyohivyo. Usiku mmoja nikagusa ukuta, nikarudisha mkono mbio. Kung'oa tole, ubao nyuma mweusi kama makala, na mwali hatukuwahi kuuona. Ubao unaobabuliwa kila siku, mwisho unashika kwa joto ambalo ukiwa mpya usingeshika.
Bomba lipande juu moja kwa moja, litokee paani. Mbao za paa zikatwe, zikae mbali nalo. Juu ya paa libaki sentimeta 90, na lipite kwa 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, la sivyo upepo wa ziwa utarudisha moshi sebuleni.

*Yaya Esther:* Na tole ya paa, akiikunja kuwa bomba? Ni bei nafuu.

*Papa Heri:* Hapana yaya, ile ina zinki. Ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya kwa mapafu. Atafute chuma cheusi. Na mdomo mwembamba wa kila kipande utazame chini, kwenye jiko, ili lami ya moshi itiririke ndani, isichuruzike nje. Skrubu 3 kila kiungo.

*Mama Furaha:* Watoto wanalala chumba kile. Hewa ya jiko ni kama mazuku?

*Papa Heri:* Zote hazionekani, lakini ni mbili tofauti. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, inatoka ardhini na kulala mashimoni. Ya jiko ni monoksidi ya kaboni, inajaa chumba kizima, haina harufu. Mkiamka vichwa vinauma, mtoto anatapika, tokeni nje wote kwanza, jiko baadaye.

*Yaya Esther:* Mungu wangu. Mama Furaha, usiliwashe bado.

*Mama Furaha:* Siliwashi. Fundi nimemwambia asubiri. Papa Heri, kesho saa tatu uko?

*Papa Heri:* Niko. Nakuja na mita ya kupimia.