Ziwa Nakuru limeingia hadi kwa ploti, sasa ahame nani, sisi ama kiboko?

Kijana wa Mwariki
Wandugu tujadiliane bila matusi. Mzee wangu alitoka Vihiga miaka ya themanini kutafuta kibarua hapa Nakuru, akadunduliza mpaka akanunua ploti ya hamsini kwa mia huku Mwariki, taito anayo na kaunti analipa kila mwaka. Siku hizo ziwa lilikuwa mbali, na katikati ya miaka ya tisini likakauka karibu lote, upepo ukivuma vumbi la magadi linashika nguo kwa kamba unafua tena. Kuanzia 2010 hivi maji yakaanza kupanda, yakameza geti kuu la mbuga ya Nakuru pamoja na kipande kizuri cha fensi, watu wa huku na wa Barut wakaanza kubomoa mabati usiku. Sasa fensi ikiwa chini ya maji kiboko anazuiwa na nini? Wiki jana tulimpata nyuma ya choo saa kumi alfajiri, anakula nyasi kama ng'ombe wa nyumbani. Halafu kwa baraza bwana mmoja wa ofisi, sitamtaja, anatuambia sisi ndio tulivamia ziwa. Flamingo walihama wakaenda maziwa ya Bogoria na Elmenteita na hakuna aliyewaita wavamizi huko walikofika. Msimamo wangu ni huu, serikali inunue ploti zilizofikiwa na maji kwa bei ya soko, iziingize mbuga, isogeze fensi. Anayepinga aseme kwa nini.

Mtu wa Seksheni 58
Napinga. Hilo ziwa halina mahali pa kutokea, mito inaingia, Njoro, Makalia, Nderit, lakini maji yanatoka kwa jua tu. Kwa hivyo ni la kupanda na kushuka, umesema mwenyewe lilikauka. Leo tukulipe mamilioni, baada ya miaka ishirini likauke, tutakuwa tumenunua vumbi. Alafu ukweli usemwe, ploti za huko ziliuzwa bei ya kutupa na kila mtu alijua ziko karibu na ziwa.

Kijana wa Mwariki
Muhuri kwa taito ulipigwa na mamba ama na serikali?

Dereva wa Watalii
😂😂 Hapo umemshika. Lakini kijana hiyo ya flamingo umeirahisisha. Mimi nimebeba wageni kwa hiyo mbuga miaka mingi. Flamingo wa ile aina ndogo anaishi kwa spirulina, ule mwani wa kijani, na mwani unataka maji makali ya magadi. Mvua ikizidi maji yanapoa chumvi, chakula kinapungua, ndege anaondoka. Zamani ulikuwa unasimamisha gari Baboon Cliff mgeni anaona ufuo wote wa pinki anakosa la kusema, siku hizi nikipata mgeni wa flamingo namsukuma moja kwa moja Bogoria na mafuta ni yangu. Na hata kuzaa hawazaliani hapa, wanaenda Natron huko Tanzania. Flamingo hana ziwa moja, ana mlolongo wa maziwa, moja likimkataa lingine linamngoja. Wewe ukitoka Mwariki unangojwa na nani? Kila unapokanyaga pana mwenyewe.

Mtu wa Seksheni 58
Si arudi Vihiga. Kila mtu Nakuru ana kwao.

Kijana wa Mwariki
Nilijua utafika hapo. Sensa ya 2019 ilipata Vihiga ina zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Babu aligawia wanawe watano, mzee wangu akapata kipande ukitema mate yanaangukia kwa jirani. Mbuga ya Nakuru peke yake ni kilomita 188 za mraba, na sisemi tupewe, nawapenda hao wanyama, nasema tu msinionyeshe kwetu kana kwamba kuko wazi.

Omwana wa Budalang'i
Sisi huku tunawashangaa. Mto Nzoia ukivunja tuta tunabeba sufuria, kuku na godoro, tunapanda juu, maji yakishuka tunarudi kupanda mahindi kwa tope jipya. Kuhama si aibu. Tatizo lenu mlijenga mawe.

Kijana wa Mwariki
Ndugu yangu maji yenu yanashuka. Yetu huu ni mwaka wa ngapi?

Shosho Kaptembwa
Wanangu mnabishana bei na hamjauliza sheria. Mpangaji wangu alisomewa na wakili. Ile sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia, mtu akiuawa na kiboko ni milioni tano, na kiboko akivunja nyumba ama kula shamba pia unaweza kudai, ingawa kulipwa ni hadithi nyingine, watu wanazeeka wakingoja. Sasa maji yenyewe yakibomoa ukuta ule ule? Si mnyama. Sheria hiyo haikujui, unabaki kupewa blanketi na unga. Yaani ni heri uangushiwe nyumba na kiboko.

Dereva wa Watalii
Shosho umemaliza 🙌🏾 na hapo ndio mjadala ungeanzia. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu haya maziwa ya Bonde la Ufa na Victoria ilihesabu karibu watu laki nne walioathirika, Baringo, Naivasha, kote, si Mwariki tu.

Mtu wa Seksheni 58
Laki nne ndio naogopa sasa. Mkilipa Nakuru mtalipa wote. Pesa itoke wapi? Mimi naweza kubali kitu kimoja, wapewe ploti mahali pengine, ploti kwa ploti, na ya zamani irudi kwa serikali. Si cash.

Kijana wa Mwariki
Hiyo hata mimi naweza kaa nayo, ikiwa si kutupwa porini bila maji na shule. Mzee atakataa lakini. Anasema alishahama mara moja maishani na hiyo ilitosha.

Mgeni Nakuru
Samahani kuingilia, kuna single hapo Mwariki? Nimepata kazi mjini, nasikia kodi huko imeshuka.

Kijana wa Mwariki
Imeshuka. Kuja na gambuti, na usiende choo usiku bila tochi.