Kutamani thawabu za mbinguni si tamaa ileile tu?

Muulizaji:
Bwana asifiwe wapendwa. Kuna kitu kinanisumbua. Yesu anasema tujiwekee hazina mbinguni, Mathayo 6:20, sawa, lakini Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, sasa hiyo thawabu inatoka wapi tena? Na mtu anayesaidia wenzake huku moyoni anawaza malipo ya mbinguni, si ni tamaa ileile ya mali ila imehamishiwa juu? Nina kazi nzuri na ninaweka akiba, kila nikisikia mahubiri ya kuacha mali nakosa amani kabisa.

Jibu 1:
Shalom mpendwa. Wokovu ni zawadi, thawabu ni jambo jingine. Soma 1 Wakorintho 3:12-15, wote pale msingi wao ni Kristo, ila mmoja kajenga kwa dhahabu mwingine kwa nyasi, moto unapima, na yule ambaye kazi yake imeungua anapata hasara ingawa mwenyewe anaokolewa. Yaani mtu anafika mbinguni mikono mitupu! Hilo linaniogopesha kuliko kukosa nyumba.

Jibu 2:
Kuhusu tamaa, angalia Musa kwenye Waebrania 11:26, aliziacha hazina za Misri kwa kuwa aliyatazamia malipo, na Biblia inamsifu kwa hilo, haimlaumu. Halafu jiulize malipo yenyewe ni nini. Paulo anawaambia Wathesalonike (1 Wathesalonike 2:19) kwamba taji yake ya kujionea fahari Bwana atakapokuja ni wao wenyewe, watu! Mchoyo hawezi kuitaka thawabu ya namna hiyo, haimvutii hata kidogo, mpaka moyo wake ubadilishwe kwanza. Ndio maana kwenye Luka 14 Yesu anasema ukifanya karamu waalike maskini na vipofu ambao hawana cha kukulipa, utalipwa kwenye ufufuo wa wenye haki. Anayemwamini Yesu kwa hilo anaacha kuwahesabia watu fadhila.

Jibu 3:
Kwa habari ya kazi na akiba usijihukumu. Zakayo alitoa nusu ya mali na Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo, yule kijana tajiri akaambiwa auze vyote, kwa hiyo hakuna kipimo kimoja. Yule tajiri wa mfano wa Yesu kwenye Luka 12, aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi ajiwekee mazao yake, hakukosea kuvuna, msikilize anavyoongea: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu, hakuna mtu mwingine kwenye mipango yake na Mungu hayumo. Pima akiba yako hapo, kuna nani mwingine ndani yake?

Muulizaji:
Asanteni sana, hilo swali la mwisho limenichoma. Sasa mwenzangu wa ndoa hapendi tutoe zaidi ya tunavyotoa sasa, je nitoe kimyakimya?

Jibu 2:
Hapana mpendwa, usifanye hivyo. Siri ya Mathayo 6:3, pale Yesu anaposema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, ni ili watu wasikusifu, sio ya kumficha mwenzako hela ya nyumbani. Kaeni muombe pamoja, anzeni na kile mnachokubaliana hata kikiwa kidogo, maana hata kikombe cha maji baridi Yesu alisema hakikosi thawabu. Akiwa bado hajawa tayari msubiri, 2 Wakorintho 9:7 inasema si kwa huzuni wala kwa lazima.