Mke yuko Moshi, mimi Arusha, hela inaishia njiani na kwenye misosi. Tukae wapi?

TwigaMlegevu:
Wakuu kwema? Naomba ushauri hasa kwa nyie wa kaskazini. Mimi ni dereva wa safari, kampuni iko Arusha, wife ni nesi Moshi. Tumefunga ndoa mwaka jana ila mpaka leo kila mtu yuko kwenye chumba chake cha enzi za usela, mimi Kijenge yeye Majengo, kodi mbili, luku mbili, mitungi miwili ya gesi, na hapo hata mtoto hatuna.

Sasa wikiendi (na wikiendi yetu sio lazima iwe jumamosi, inategemea nimetoka porini lini na yeye ana ofu lini) mmoja anapanda Coaster anamfuata mwenzake. Tukishakutana hakuna anayetaka kushika sufuria. Akija Arusha jioni tunaenda Kwa Mromboo, kilo ya mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari, yeye soda mimi bia mbili, kesho yake supu, siku nyingine kuku pale kwa Khan, lile duka la spea za magari ambalo jioni wanatoa majiko nje. Nikienda mimi Moshi ni hivyo hivyo, mara maporomoko Materuni, mara kahawa Union Café, mara anasema mwili umechoka twende tukaogelee Chemka, tukitoka kwenye maji njaa upya. Raha ipo sikatai, ila nikipiga hesabu ya tipu za sizoni iliyopita sioni zilikoenda. Kiwanja hatuna. Na masika ikifika wageni hamna, naanza kumuomba mke vocha.

Yeye anasema tuhamie katikati, Usa River au Boma Ng'ombe, kila mtu aende kazini kutokea hapo. Mimi nasema aombe uhamisho aje Arusha. Tumebishana mpaka tumechoka. Aliyewahi kuishi hivi alifanyaje?

Chalii_wa_Sakina:
Usa River chalii yangu, mbona rahisi hiyo. Barabara kuanzia Sakina mpaka Tengeru ni njia nne, ukishatoka Tengeru kufika Usa ni kugusa tu, asubuhi unaingia mjini mapema. Hali ya hewa nzuri, maji yapo, na hizo auti zenu mnazopenda ziko mlangoni, Ziwa Duluti hapo Tengeru, na ukikata kushoto pale Usa unapanda zako mpaka geti la hifadhi ya Arusha, Mtanzania akiwa na kitambulisho analipa kwa shilingi, mnaangalia flamingo Momella mnarudi kulala kwenu. Mke atazoea tu, Coaster za Moshi zinapita hapo kila saa.

NesiWaZamu:
"Mke atazoea tu" 😂😂 wanaume bwana.

Kaka Twiga mimi ni nesi naomba niseme kidogo. Hivi ushawahi kutoka naiti, umesimama usiku mzima, asubuhi unakabidhi wodi, ndo upande Coaster ya kwenda Usa? Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, Usa iko upande wenu, yaani huyo dada unampa zaidi ya nusu ya safari yote aibebe yeye. Na hiyo barabara sio kilomita za kukimbia, kila kijiji kuna kibao cha 50 na trafiki na tochi yake, Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori, hujakaa sawa Boma, hujakaa sawa Kwa Sadala, na konda anasimamisha kila penye mtu aliyenyoosha mkono. Jioni sasa akiwa anaingia naiti gari ikachelewa, mwenzake aliyefanya kazi mchana kutwa anamsubiri yeye ndo aondoke. Hapo ugomvi unahamia kazini.

Kuhusu uhamisho, inategemea ameajiriwa na nani. Kama ni serikalini kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika kuombea, ila lazima huko anakokwenda kuwe na nafasi, na barua inaweza ikakaa mezani kwa watu mpaka usahau. Kama ni hospitali ya shirika au ya mtu binafsi hakuna uhamisho hapo, ni kuacha kazi na kuomba upya Arusha. Mtu ana ajira yake ya kudumu unamwambia aache kwa ajili ya kazi yenye sizoni? Fikiria vizuri.

Kisusio:
Pandeni treni wote wawili mkutane uwanja wa ndege wa KIA 😂

Chalii_wa_Sakina:
Treni yenyewe sio ya kila siku mzee, atakutana na mke wake kwa ratiba ya shirika la reli.

Mzee_wa_LandCruiser:
Nimeendesha safari kabla hujaota ndevu, mdogo wangu, ngoja nikwambie kitu ambacho hapa hakuna aliyekuuliza. Chukua kalenda ya mwezi wa saba mpaka wa tisa, weka alama kwenye kila usiku uliolala Kijenge. Usiku wa kulala kitandani kwako, sio gari ilikolala. Utakuta ni usiku wa kuhesabu kwa vidole. Wageni wanataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, kwahiyo wewe uko Kogatende kule kaskazini ya Serengeti, ukirudi unaoshewa gari, wanapuliza filta, unabadilishiwa wageni unapita Karatu unapanda geti la Loduare la Ngorongoro unashuka zako Naabi, geti la Serengeti, ndo maisha. Wewe sio mkazi wa Arusha. Arusha ni stoo yako ya nguo, na hiyo stoo unailipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mkeo ndo mwenye kazi ya kila siku. Yule akilala kilomita 60 kutoka wodini anaumia kila siku ya Mungu, wewe ukilala Moshi unaumia siku ya kwenda kuchukua gari tu. Nyumba inamfuata anayeenda na kurudi kila siku. Kwahiyo sio Usa, na Boma usiende kabisa, pale upepo na vumbi vitawatoa, na bado wote wawili mtapanda gari asubuhi, mmekwepa tatizo la nani?

Hamia Moshi.

Najua utasema ofisi na yadi viko Arusha na kuna safari za kutoka alfajiri. Sawa. Siku moja kabla ya safari unapanda Coaster mchana, unahudhuria brifingi, unakagua gari, unalala kwa dereva mwenzako. Sisi tulikuwa tunachanga kodi ya chumba kimoja madereva kadhaa, magodoro chini, hakuna siku tulilala wote kwa pamoja maana wengine daima wako porini. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya kodi unayolipa sasa hivi. Alafu wageni wako si wanashukia KIA? Kutoka Moshi KIA ni karibu kuliko kutoka Arusha. Ongea na mtu wa opereshen, ukiwa na wageni wa kupokea usiku gari ulale nayo Moshi kama bosi anakubali. Asipokubali basi, hujapoteza kitu.

Na mwezi wa nne na wa tano, mvua zinanyesha, kambi nyingi zimefungwa, wewe unakaa Kijenge peke yako unaangalia mpira unafanya nini? Si ukae na mke wako, na Moshi kuna kampuni kibao za mlima, kipindi kama hicho unajitambulisha, wana kazi za kupeleka wapagazi na mizigo Machame na Marangu sizoni ikifunguka.

bibi_ndizi:
Mzee amemaliza upande wa nyumba. Mimi nina neno upande wa chakula.

Hapa nadhani mnavutana bila kujua. Wewe wiki nzima umekula lanchi boksi na bufee za loji, ukirudi unachotaka moyoni ni mtori na usingizi. Mwenzio wiki nzima amekula chai na andazi peke yake baada ya shifti, kwa sababu nani anapika machalari ya mtu mmoja? Siku umekuja yeye ndo anataka kutoka avae, aonekane, aletewe sahani aletewe na maji ya kunawa. Kwahiyo unamfuata kwenye auti kwa upendo, na kwa kuwa mnaonana kwa kuibia kila mlo unakuwa kama sherehe, asubuhi sherehe, mchana sherehe. Mkikaa nyumba moja hiyo hamu itashuka yenyewe, msijilaumu sana kuhusu tabia.

Ila msiache kutoka jamani, mkiacha mtazeeka mapema. Mimi na mume wangu tunatoka mara moja kila akirudi safari, mlo mmoja, tunachagua mahali kabla hatujaondoka nyumbani, na supu ya kesho yake inapikwa kwangu. Ukitoka Arusha siku ya soko, jumatano au jumamosi, shuka Tengeru nunua ndizi na parachichi, au Kwa Sadala ukiwa umeshakaribia, utaingia nyumbani na mzigo wa wiki kwa hela ambayo pale Kwa Mromboo hata mbuzi hajageuzwa upande wa pili. Na nyama ya kuchoma sio lazima uuziwe na mwenye viti, nunua buchani, jiko la mkaa mlangoni, waite majirani.

Mzee_wa_LandCruiser:
Na tipu usiende nazo dukani kubadilisha zote siku hiyo hiyo umeshuka porini. Mimi nilikuwa nampa mama watoto bahasha kabla sijavua buti, yeye anajua kodi, anajua mchezo wao wa kila mwezi, kinachorudi kwangu ndo cha nyama. Vijana mnasema ni kuendeshwa. Haya, endesheni wenyewe.

NesiWaZamu:
Bahasha apewe mwenye mshahara wa tarehe maalum, nakubali. Ila na yeye asiwe benki ya familia nzima, mjadiliane mnaweka kiwanja kwanza au nini. Mwenzangu mmoja alipewa bahasha ikaishia kwenye ada za wadogo zake, mume akaja kujua masika.

TwigaMlegevu:
Nimesoma yote, nimemsomea na wife kwenye simu, alivyofika kwa bibi_ndizi akacheka akasema "umeona, mimi andazi wewe bufee". Kalenda nimeiangalia mzee wangu. Mwezi wa nane nimelala Kijenge usiku ambao hata sitaki kuuandika hapa, na kodi ilikuwa inatembea.

Swala la kulala na gari Moshi sidhani kama ofisi itakubali, wana GPS ya kufuatilia kwenye gari zote. Ila chumba cha kuchanga na madereva kipo, kuna jamaa wawili Ngarenaro wanatafuta wa tatu. Kodi yangu inaisha mwezi ujao kwahiyo siongezi. Sasa nisaidieni, kile chumba cha Majengo ni kidogo kwa watu wawili, tunataka upande wa KCMC, hospitali anakofanya kazi, ili zamu za naiti atembee au achukue toyo (bodaboda) ya karibu. Longuo au Rau?

bibi_ndizi:
Longuo kwa kutembea kwenda KCMC. Rau kuna kijani na nafasi kubwa ila kagueni njia ya kuingilia wakati wa mvua, nyingine tope linafika kwenye magoti na toyo hawaendi usiku. Shanty Town ni mtaa wa wenye nazo, mtaishia kuangalia mageti tu. Mwache wife akague yeye siku ya ofu, wewe utaangalia pa kupaki.

Chalii_wa_Sakina:
Bado nasema Usa 😅 ila dalali wa Moshi akitaka hela ya kuonyesha nyumba mkubaliane kwanza ni nyumba ngapi kwa hiyo hela, wengine wanakuonyesha moja yenye choo cha nje wanazima simu.